Nafasi Moja Kando ya Jeneza

Ndugu Migdalia Rosabal hakufukuzwa kazi hata siku moja. Kilichofukuzwa ni basi. Alikata tiketi katika kituo cha Yara miaka kumi na minne, mpaka mafuta yakaisha, mabasi yakaegeshwa nyuma ya kituo na kuku wakaanza kutagia kwenye viti. Serikali, ambayo haijawahi kuishiwa maneno, ikatangaza kwamba ule haukuwa uhaba, ulikuwa kipindi maalumu. Na kipindi maalumu hutaka vazi maalumu. Migdalia akapewa suruali ya manjano, kofia ya manjano, filimbi na ubao wa kuandikia, akasimamishwa njia panda ya kwenda Bayamo. Kazi yake ilikuwa kusimamisha kila gari la umma lenye nafasi na kupakia raia kwa zamu. Watu wakamwita Manjano. Jina la kuzaliwa likabaki kwa mama yake tu.

Aliifanya kazi hiyo kwa namna iliyowaudhi wote sawasawa: hakupendelea mtu. Mumewe mwenyewe aliwahi kusubiri pale saa tisa nzima na jino bovu. "Waliosema subira huvuta heri," alinung'unika shavu limemvimba, "hawajawahi kusubiri lori Yara."

Mei ya mwaka 1993 zamu ikamfikia binti yao. Yaimara alikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, Bayamo, saa nane mchana. Mlango ukishafungwa haufunguliwi mpaka mwaka unaofuata. Alifika njia panda alfajiri, tumboni mna maji ya sukari, kitu ambacho mwaka ule kiliitwa kifungua kinywa. Akauliza kama desturi, "Nani wa mwisho?" Mzee mmoja akainua kidole. Wengine walikuwa wamelala palepale. Akawa wa kumi na tisa.

"Mama, niweke hata wa tano," alinong'ona.

"Hapa hakuna mama. Kuna Manjano."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani utaninunia. Hapa shika zamu yako."

Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Zoraida, msusi, nambari kumi, akashusha pumzi kwa masikitiko; alikuwa ameshajiandaa kupiga kelele.

Saa tatu lori la saruji lilichukua sita, wakaondoka wamepakwa unga kama samaki wa kukaanga, ila mafuta ya kuwakaangia hayakuwepo. Saa tano ikaja Lada ya mkurugenzi wa shamba la umma.

"Nafasi ngapi nyuma?" Migdalia aliuliza.

"Hakuna. Kuna nyaraka za siri."

Gunia kwenye kiti cha nyuma likakoroma. Migdalia akaandika namba ya gari, na chini yake: *Nyaraka, gunia moja, zina mkia.* Lada ikaondoka. Karatasi haijawahi kuzuia gari.

Baada ya hapo, kimya. Baiskeli. Mkokoteni wa ng'ombe, nao ulikuwa unatoka Bayamo. Saa sita na nusu likatokea gari la maiti, jeusi, linatembea polepole kwa heshima au kwa ubovu. Migdalia akapuliza filimbi. Watu wakadhani jua limempanda kichwani.

"Dada, huoni nimebeba nini?" dereva akauliza.

"Naona namba ya buluu. Gari la umma. Nafasi?"

"Nyuma nina abiria mmoja, naye hana haraka. Huyu hapa mbele ni kaka yake. Wafiwa wengine wanakuja kwa baiskeli."

"Kwa hiyo nyuma pana nafasi."

Dereva akamgeukia kaka wa marehemu, mzee aliyeshika kofia ya majani mapajani. Mzee akafikiri. "Ndugu yangu alisubiri gari maisha yake yote," alisema. "Hawezi kumnyima mwenzake."

"Nambari saba!" Migdalia akaita.

Saba alishikwa na tumbo ghafla. Nane alikumbuka kwamba safari yake haikuwa ya lazima. Tisa alikuwa mjamzito, akafanya ishara ya msalaba.

"Mimi nipande na maiti?" Zoraida akamaka. "Leo, na nywele nimetengeneza?"

Wakaendelea kukataa, mmoja baada ya mwingine, hadi yule mzee wa kumi na nane. "Ndani ya kitu hicho nitaingia karibuni, mwanangu," alisema. "Sihitaji mazoezi."

"Nambari kumi na tisa!"

Sauti ilikuwa ileile. Ila kalamu ilitoboa karatasi.

Yaimara, daktari mtarajiwa, hata matanga ya bibi yake aliyashindwa. Alikaa nje usiku kucha kwa kuogopa maiti. Alimtazama mama yake, akingoja neno la kumpa moyo.

"Unapanda, hupandi? Usicheleweshe watu."

Akapanda. Magoti yakagusa jeneza, daftari kifuani.

"Kumbe pana nafasi tele!" Zoraida akasema. "Mimi nilikuwa naogopa kubanwa."

Papo hapo tumbo la saba likapona, na safari ya nane ikawa ya lazima tena. Foleni ikaurukia mlango. "Zamu yangu!" "Si ulikataa wewe!" "Nilikuwa nafikiria!" Saa saba kasoro dakika kumi. Nafasi zilikuwepo tatu zaidi, na kanuni aliijua mwenyewe: gari halitoki na nafasi. Kupanga upya zamu kungemaliza nusu saa.

"Limejaa," Migdalia akasema.

"Limejaa nini? Yumo mwanao na jeneza!"

"Limejaa!" Akaubamiza mlango, akapuliza filimbi hadi dereva akaziba sikio. Gari likaondoka.

"Nataka kulalamika kwa maandishi," Zoraida akasema.

Mpokea malalamiko njia panda alikuwa Migdalia. Akageuza ukurasa. "Sema."

"Manjano amempendelea mwanawe."

Akaandika.

"Ongeza: bila haya."

Akaongeza, akasaini kama mpokeaji, na chini yake kama mlalamikiwa.

Yaimara aliingia kwenye mtihani zikiwa zimesalia dakika nne, akinukia maua ya maziko. Malalamiko yalifika Bayamo baada ya siku tisa, juu ya tela la viazi vitamu, na Migdalia akakatwa posho ya mwezi: kipande kimoja cha sabuni. Alisema hakujali, sabuni yenyewe ilikuwa haitoi povu. Lakini mwezi ule wote alivaa manjano yenye madoa, na aliyetaka kuuliza aliulizwa kwanza nambari yake.