Wimbo Uliotoka Kabla ya Harusi

Bi Biubwa alikuwa amechoka, wala hakuficha. Tangu usichana wake hapa Olumbi anatunga nyimbo za tufo, ngoma yetu ya wanawake, na hakuna aliyewahi kuiita kazi. Mtu anapita na ndoo kichwani, anasema, "Bibi, Ijumaa namwoza binti yangu. Nitungie basi, si maneno tu?" Maneno tu! Hata vita vya huku kwetu Msumbiji vilipowatupa wanakijiji mjini Pemba, huko huko kambini walimfuata awatungie. Amerudi na goti bovu na sauti ya kukwaruza. Alichotaka sasa ni kimoja: apatikane wa kuongoza kundi, yeye akae chini. Na wa kuongoza alikuwa mmoja tu, Wahida, binti wa jirani.

Siku moja Wahida alimkuta anapepeta mchele.

"Bibi, nami nataka kutunga. Nianzie wapi?"

"Anza kwa kupata mume mwenye subira," alisema Bi Biubwa, ungo mkononi. "Halafu ufunge mdomo. Wimbo mpya hautoki uani mpaka siku yake."

Ndivyo tufo ilivyo. Wimbo wa harusi hufanyiwa mazoezi mlango umefungwa, ngoma zimefunikwa nguo, kwa sababu kundi litakalouimba kwanza mbele za watu ndilo lenye wimbo. Hakuna pa kwenda kushtaki.

Wahida akatunga wimbo wake wa kwanza, wa harusi ya Mariamo. Mzuri, wallahi! Bi Biubwa alipousikia aliona wivu kidogo, kisha akafurahi. Lakini msichana wa leo na simu yake, jamani! Akaurekodi, akamtumia shoga yake wa Mute, kijiji cha jirani, eti asikilize yeye peke yake.

Harusini yalialikwa makundi mawili, lao na la Haula wa Mute, ambamo yule shoga alikuwa mwimbaji. Haula ndiye aliyetangulia. Alipofungua kinywa, ulitoka wimbo wa Wahida, mzima mzima, na jina la bibi harusi limo. Vigelegele vikapigwa. Wahida akakimbilia nyuma ya jiko, akajifunika kwa nguo yake ya kapulana, akalia.

Bi Biubwa alimfuata akiburuta goti.

"Nilikwambia."

"Naacha, bibi. Sitaki tena."

Bi Biubwa alitamani kumwambia ndiyo, acha, kauze vitumbua, ulale usingizi wako. Alitamani pia kumshika mkono asiondoke, maana bila yeye hatakaa chini mpaka anakufa. Hakujua lipi lilikuwa kwa faida ya binti na lipi kwa faida yake mwenyewe, na hilo lilimchosha kuliko goti.

"Sikudanganyi," alisema mwisho. "Kazi hii itakumaliza. Watakuchukulia, hawatakutaja, na kesho watakuja kukuomba tena. Kama unaweza kuiacha, iache leo, sitanuna. Kama huwezi, tunga mwingine."

"Lini?"

"Sasa hivi. Wageni wanakula."

Wahida akapenga kamasi. Midomo ikaanza kucheza, inatafuta maneno. Sinia zilipoondolewa, akaenda kupiga magoti mbele ya kundi, kama tufo inavyochezwa, msiro mweupe aliojipaka usoni umechirizika mashavuni, akaimba:

*Nimempa shoga wimbo aonje,*
*kaujaza sinia, kalisha wa nje!*

Loo! Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Wenzake wakaupokea pale pale, bila mazoezi. Haula mwenyewe alijifunika uso akicheka. Lakini nyuma yake wanawake wa Mute walikuwa wameshainua simu. Wahida akaziona, akamtazama Bi Biubwa aliyekaa mkekani. Bi Biubwa akampungia mkono: endelea.

Baadaye binti akaja kukaa kando yake.

"Bibi, na huu wameurekodi."

"Nimeona."

"Kesho wataimba Mute."

"Wataimba," alisema Bi Biubwa, akinyoosha mguu.

Mama mmoja akawasogelea, anatabasamu. Bi Biubwa alimjua. Nyimbo za harusi za binti zake wakubwa wote, Bi Biubwa ndiye aliyezitunga. Akajiweka sawa, akaanza kutafuta udhuru wa kukataa.

"Wahida, mwanangu," alisema yule mama, "Ijumaa namwoza mdogo wao. Nitungie basi, si maneno tu?"

Bi Biubwa alikuwa ameiomba siku hiyo miaka na miaka, na ilipofika ilimwuma. Akajilaza mkekani, akajifunika kapulana mpaka usoni, akangoja kusikia Wahida atajibu nini.