Mama na Programu ya Watu Wote

Kwa miaka niliitunza peke yangu programu ya kusahihisha tahajia za Kiswahili. Ni programu huria: yeyote anaweza kuichukua bure na kuirekebisha. Wengi waliichukua, lakini waliorejea walileta malalamiko tu. Ijumaa moja, nyumbani kwetu katika mji wa Ibra, nikamwambia mama kwamba nimechoka, naifunga.

"Umewahi kuwaomba wakusaidie?" akauliza, kikombe cha kahawa mkononi.

Sikuwahi. Kwa hasira nikamwingiza kwenye kundi la watumiaji katika simu, nikamwambia awaombe yeye. Akawaomba kwa ujumbe wa sauti. Siku ya pili mhandisi mmoja wa mji wa Nizwa akaleta orodha ya maneno, akaandika: "Nimeyatoa kwenye kitabu yangu."

Mama akajirekodi papo hapo. "Baba, umeingia bila ya salamu, na hiyo kitabu yako imeniumiza kichwa. Kitabu changu! Rudia."

Nikajishika kichwa. Msaidizi wa kwanza tangu nianze, na keshafukuzwa.

Baada ya saa moja akajibu: "Shikamoo bibi. Kitabu changu." Akaeleza kwamba tangu bibi yake afariki hana wa kumsahihisha. Je, amlete na dada yake?

Sasa wasaidizi wako kumi na wawili, na mama ndiye anayewapangia zamu. Juzi niliingiza marekebisho bila ya kumuuliza. Akamwamuru mhandisi ayaondoe, mbele ya kundi zima. Nilipomkumbusha kwamba programu niliianzisha mimi, akaniuliza kama nimeshakula.