Aliyenipita Shambani

Nina macho ya kuchuma chai. Nasema hivyo kwa majivuno na sitaomba radhi, maana ndicho kitu pekee ambacho hata ndugu zangu waliosoma wanakubali kwamba nawashinda. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya michai, navaa eproni ya plastiki, najitwika kikapu mgongoni, na baada ya dakika chache dunia yote inakwisha. Hakuna mlima, hakuna jirani, hakuna redio ya nyumba ya pili. Kunabaki majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na vidole vinajiendea vyenyewe. Zamani niliona hiyo ni baraka.

Shamba letu liko upande wa Roret, kwenye mteremko unaoishia mtoni. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama, mama mwenyewe akiwa ndani yake. Mke wangu anafundisha Kapsoit na hurudi Ijumaa. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na mama, na mama alikuwa ameanza kuniuliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa kikombeni.

Likizo ya Aprili, mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kukaa nasi. Anasomea saikolojia chuo kikuu na alikuwa akifanya utafiti juu ya umakini: nini akili inachukua, nini inaacha, na jinsi mtu anavyoamua mambo wakati mawazo yake yako kwingine. Nilimwambia kwamba serikali inapoteza karatasi. Siku moja akapiga video ya wachumaji kwa simu, kisha akaniketisha kwenye benchi la jikoni na kuniambia nihesabu ni mara ngapi yule wa mbele anatupa majani kikapuni.

Nilihesabu thelathini na moja. Nilikuwa sawa kabisa, nikaanza kujipiga kifua.

"Sawa, anko," akasema. "Na yule wa ndama?"

"Ndama gani?"

Akairudisha video mwanzo. Katikati ya wachumaji, polepole, bila haraka yoyote, alipita mtu akimvuta ndama kwa kamba, mwavuli mwekundu mkononi. Alipita mbele kabisa. Ndama hata alisimama akanusa kikapu. Nikashikwa na hasira, nikamwambia hizo ni video mbili na kwamba siku hizi vijana wanaweza kutengeneza chochote kwa simu. Hakucheka. Alisema hivyo ndivyo watu wengi wanavyosema, na kwamba utaalamu hausaidii sana. Hata daktari aliyezoea kusoma picha za eksirei anaweza kupitwa na kitu kikubwa kilicho wazi, kwa sababu si hicho anachokitafuta.

"Anko, angalia poa huyo wa mwavuli."

Niliangalia. Alikuwa mama.

Nilikaa na jambo hilo kifuani kwa siku mbili, kisha nikaliacha. Mpwa wangu akarudi chuoni, mvua za masika zikashika kasi, na majani yakawa yanakua haraka kuliko mikono ya kuyachuma.

Jumatatu moja niliingia shambani alfajiri, nikamwacha mama kwenye kiti chake barazani, shuka mabegani. Nilichuma mpaka kikapu cha pili kikajaa. Saa tano nilipanda nyumbani kumpa uji. Kiti kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri juu yake, na lile kunjo ndilo lililonitia hofu zaidi, maana mtu anayekunja shuka anajua kwamba anasafiri.

Nilizunguka zizi, choo, shamba la mahindi. Nikaenda barabarani. Jirani yetu, mama mmoja aliyehamia hapa kutoka Kisii miaka mingi iliyopita, alikuwa akipanga sukuma wiki kwenye kibanda chake kinachotazama shamba letu.

"Umemwona mama?"

Akanitazama kana kwamba nimelewa. "Wewe! Si amekupita hapo saa mbili? Amekusalimia, chamgei, na wewe ukamjibu. Akakuambia anapeleka majani. Ukamwambia sawa, enda."

"Nani amemwambia?"

"Wewe. Nimesikia na haya masikio yangu. Nikasema, basi huyu mtoto ameruhusu mama yake, mimi ni nani?"

Mimi sikuwa nimemwona mtu. Ningeapa kanisani. Lakini sikuwa na muda wa kubishana, kwa sababu juu ya msitu wingu lilikuwa limegeuka jeusi, na nilikuwa nimeelewa ni wapi watu walikuwa wakipeleka majani zamani, mama alipokuwa na nguvu. Kituo cha zamani cha kupimia na kununulia majani kilikuwa ng'ambo ya mto. Kilifungwa nikiwa bado shuleni. Daraja lake ni magogo mawili tu, na moja lilikuwa limeoza.

Mvua ya mawe ilinikuta mtoni. Maji yalikuwa yameanza kupanda na kubadilika rangi. Nilivuka kwa magoti na mikono, nikipiga kelele jina lake la kuzaliwa, ambalo mtoto hapaswi kumwita mama yake. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya saruji ambapo mizani ilikuwa ikisimama, kikapu mapajani, ndani yake majani ya mti wowote aliokutana nao njiani. Mawe ya mvua yalikuwa kwenye nywele zake. Alikuwa akitetemeka, lakini aliniangalia kwa ukali.

"Umechelewa, weri," alisema kwa Kipsigis, akiniita kijana kama alivyoniita maisha yangu yote. "Karani ameshaondoka."

Nilimbeba. Nyumbani, nikimpangusa miguu mbele ya moto, nilimuuliza kwa nini aliondoka bila kuniambia.

"Nilikuambia. Wewe ndiye uliyeniambia niende."

Mama hakukumbuka jina la mke wangu jioni ile. Hakukumbuka kama amekula. Lakini hilo alilikumbuka, na mimi, mwenye akili timamu, sikuwa nalo.

Nilimpigia simu mpwa wangu. Alinieleza taratibu kwamba kile ambacho akili haikukitilia maanani, haikukihifadhi, na kwamba kukitafuta ni kama kutafuta barua ambayo haikuandikwa. Mdomo unaweza kujibu salamu na hata kutoa ruhusa, kazi ikiwa imeishika akili yote. Sikukubali. Wiki mbili nzima, kila nilipolala au kukamua ng'ombe, niliirudia ile asubuhi: umande, kikapu, mstari wa tatu. Hatimaye nikaanza kusikia. Kwanza hatua zake, kisha "chamgei", kisha sauti yangu mwenyewe ikisema sawa, enda. Nilimpigia tena kwa furaha ya ajabu.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Anko, hiyo inaweza kuwa ile hadithi ya jirani yako, mama mboga. Alikuambia, ukairudia mara nyingi, sasa iko kwa kichwa na sauti yako. Siwezi jua. Hata wewe huwezi."

Nilimkatia simu. Niliona ameninyang'anya hata hatia yangu.

Mke wangu alitaka tumfungie mama ndani. Nilikataa; mama aliyetulea wanane si kuku. Badala yake nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu. Nilichukua kengele ya ng'ombe wetu wa zamani, nikaisugua kwa majivu, nikaishona kwenye pindo la shuka la mama. Nikawa namketisha kwenye kigoda mwanzo wa mstari ninaochuma. Akisogea, inalia. Jirani aliponiona alisema angalau sikumtia kamba. Nilicheka naye, lakini kicheko hakikunishuka vizuri.

Mpwa wangu alipopata habari alinionya. Alisema sikio nalo huzoea. Sauti inayorudi kila wakati, akili huiondoa bila kumuuliza mwenyewe. Nilimwambia kwamba huyu ni mama, si video.

Siku za kwanza kila mlio ulinigeuza shingo. Wiki ya pili niligeuka mara mojamoja. Wiki ya tatu sijui, na hilo ndilo ninalotaka kusema: sijui.

Ilikuwa Jumatano, asubuhi ya jua. Majani yalikuwa mazuri sana, laini, yakikatika kwa mlio ule ninaoupenda. Nilijaza kikapu, nikakiweka chini, nikaanza kingine. Kisha, bila sababu yoyote, nikasikia kwamba hakuna kengele. Sikusikia ilipokoma. Nilisikia tu kwamba haipo, na sikuweza kujua haipo tangu lini.

Niligeuka. Kigoda kilikuwa kitupu.

Nilishuka mbio kuelekea mtoni, matawi ya chai yakinichana mapaja, nikiita. Nilikuwa nimefika nusu ya mteremko niliposikia sauti yake, si mbele yangu bali nyuma.

"Weri! Mbona unapiga kelele?"

Alikuwa amesimama kando ya kile kikapu nilichokiweka chini, hatua tatu kutoka mahali nilipokuwa nikichuma. Nilikuwa nimempita nikikimbia. Shuka lilikuwa begani, na kengele alikuwa ameishika ndani ya ngumi, vidole vikiubana ulimi wake usilie.

"Kwa nini umeishika, mama?"

"Inakusumbua," akasema. "Una kazi."

Nilicheka, na machozi yakanitoka hapohapo. Nilimkumbatia, nikamrudisha kwenye kigoda, nikapiga magoti mbele yake ili nimfunge kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea. Nilimwambia kwamba leo tumechuma ya kutosha, twende tukanywe chai.

Ndipo nikaona viatu vyake. Shamba letu lote, kutoka lango mpaka ua wa chini, udongo ni mwekundu. Viatu vya mama vilikuwa na tope jeusi mpaka kwenye vifundo, lile la ukingo wa mto, nalo lilikuwa limeanza kukauka. Soksi zilikuwa zimelowa maji.

"Mama, ulikuwa wapi?"

Alinishangaa, kisha akanionea huruma.

"Si nilikuaga?" akasema. "Na wewe ukanijibu."