Aliyemlemaza mwanangu kwa sindano ndiye aliyekaa high table kwenye mkutano wa leseni za madaktari

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa ni wa kusoma na kupita. Leo nimeshindwa kupita. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na asiyeamini aje Tarime nimwonyeshe mtoto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Singida. Ajira ilinileta huku Mara, kijiji kimoja jirani na mgodi. Watu wa huku hata wakikupa pongezi utadhani wanagomba, lakini ukiwazoea unawapenda.

Pale kijijini kuna jamaa ana duka la dawa. Koti jeupe, stethoscope shingoni hata akienda buchani. Kijiji kizima kinamwita Dokta. Chuo cha afya alisoma mwaka wa kwanza akaishia hapo, na yeye mwenyewe huwa anasimulia akicheka.

Kwa wasiojua, duka kama lile linaruhusiwa kuuza dawa tu. Kuchoma sindano ni marufuku. Dokta ana kitanda nyuma ya pazia.

Mwaka jana binti yangu Neema, wa miaka minne, alishikwa na homa kali. Mimi nilikuwa kwenye semina mjini. Mke wangu akambeba hadi zahanati, akakuta kufuli. Nesi ni mmoja tu, na siku hiyo alikuwa amefuata chanjo.

Akaenda kwa Dokta. Sindano moja ya tako.

Kesho yake mtoto akaamka anaburuta mguu wa kulia. Hospitali wakatuambia sindano iligonga mshipa wa fahamu. Mazoezi tunafanya mpaka leo na mguu bado unaburuta. Mke wangu akikumbuka husema jambo lilelile: "Nilimshika mwenyewe asicheze."

Nilienda kwa mtendaji, nikaenda polisi. Kote naulizwa, "Mwalimu, una ushahidi gani kwamba ni sindano yake?" Duka lilifungwa siku chache, likafunguliwa likiwa limepakwa rangi mpya.

Sasa sikieni.

Mwezi uliopita ukatangazwa mkutano wa kijiji, tutoe maoni kuhusu mapendekezo ya kubadili usimamizi wa vyuo vya afya na leseni za watoa huduma. Nikasema Mungu si Athumani. Nikanyoosha shati langu vizuri nikaenda.

Nafika, high table wamekaa mwenyekiti wa kijiji, afisa kutoka wilayani, na Dokta. Na koti lake! Mwenyekiti anatambulisha, "Huyu ni mtaalamu wetu wa afya. Mambo ya kitaalamu atatufafanulia yeye."

Wakuu, nikatafuta nafasi mbele nikakaa.

Afisa akaeleza vizuri tu, simlaumu. Kila mhitimu afanye mtihani mmoja wa taifa kabla ya leseni. Vyuo visivyo na mahali pa mazoezi vifungwe. Namba ya leseni ibandikwe mlangoni, mwananchi aweze kuihakiki kwa simu.

Nikanyoosha mkono. "Naunga mkono hilo la namba. Tuanze leo. Dokta atutajie yake."

Watu wakacheka! Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, mambo binafsi tuyaache nyumbani."

Akasimama bibi mmoja, Bibi Gati, jirani yangu, ambaye Neema anashinda kwake. Akaniambia, "Wewe mura, kijana wangu, pole na mtoto. Lakini hiyo leseni inashusha homa? Zahanati tulibeba mawe kwa kichwa, sisi wanawake. Mkatuletea nesi mmoja. Akitoka, ni kufuli. Huyu wa sindano tukigonga anafungua." Kisha akamgeukia afisa. "Nyinyi mnatuletea mtihani. Leteni mtu!"

Makofi.

Na kinachonichoma mpaka sasa ni kwamba yule bibi alisema kweli. Kufuli ndilo lililompeleka mke wangu nyuma ya lile pazia. Ukikaza leseni bila kuajiri, unamwongezea Dokta wateja. Vijana waliosoma na kufaulu wako mitaani wanauza vocha, na huku milango imefungwa. Tunachezewa, wakuu.

Mwisho akasimama Dokta kutoa neno la shukrani. Akasema anaunga mkono mabadiliko kwa asilimia mia, kwa sababu makanjanja wamezidi na wanaharibu taaluma. Akapigiwa makofi kuliko wote. Afisa akampa mkono.

Niliondoka kabla ya sala ya kufunga.

Nilichojifunza: kabla hujamlaza mtoto wako achomwe sindano, omba namba ya leseni, na ukichekwa, chekwa. Na mlioko huko juu mnaoandika hizo sheria, msiandike kuhusu mtihani mkasahau kufuli. Mwenye kujua pa kumpeleka huyu mtu baada ya polisi, aniambie hapahapa. Matusi pia nitayasoma.

Neema ameanza darasa la awali shuleni kwangu. Tunapita mbele ya lile duka kila asubuhi. Juzi akaachia mkono wangu, akaburuta mguu wake mpaka kizingitini, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo Dokta."

Akajibu, "Marahaba mwanangu, usome kwa bidii."

Salamu nilimfundisha mimi. Wakuu wenye watoto, nimwambie nini?