Barua ya Ploti za Lanet

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mjukuu wangu, na juzi ilinirudia uliponisomea barua unayowatumia wateja wako wa nyumba kila mwezi kwa simu. Ulimaliza kusoma ukaniuliza kwa nini hawajibu. Nilikuambia nitafikiria kwanza. Sasa nimefikiria. Sogeza kiti.

Kazi hiyo yako niliifanya kabla mama yako hajazaliwa. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na cheti cha kupiga taipu, na Nakuru ya miaka ile ya hamsini haikuwa na wasichana wengi Waafrika waliokaa nyuma ya taipureta. Watu walikuwa wakipita dirishani kunichungulia. Aliyeniajiri aliitwa Bwana Nathu, Mhindi mfupi mwenye sauti ya chini, na ofisi yake ilitazamana na kituo cha reli. Wenye majengo walimwachia maduka na vyumba awatafutie wapangaji, na ploti za biashara kwenye senta ndogo za barabarani, vile vituo vya maduka, azikodishe kwa mkataba wa miaka mingi. Usidhani Mwafrika alijichagulia mahali. Mashamba ya juu yalikuwa ya wazungu, na mjini tulikuwa na sehemu yetu. Kwa hivyo mtu akipata nafasi ya duka kwenye senta, aliweka humo matumaini ya nyumba yake nzima.

Bwana Nathu aliamua tuwe na barua ya wateja. Alisema mawakala wa Nairobi wanayo, na yeye hataki kuachwa nyuma. Yeye alinena, mimi nikayaweka kwa Kiswahili: wateja wetu watukufu, tuna furaha kubwa kuwatangazia majengo ya kupendeza, mabati mapya, mahali pazuri kuliko pote. Nilipiga stensili, ile karatasi ya nta, tukazungusha ile mashine ya kunakili kwa mkono mpaka wino ukanifika kwenye viwiko. Nyingine nilizipeleka posta, nyingine nikaziacha kwenye hoteli ya Mzee Barasa nyuma ya kituo, kwa sababu waliongoja treni walikunywa chai pale, na aliyejua kusoma aliwasomea wengine.

Sasa ndiyo siku yenyewe. Nilikuwa nimeketi pale saa ya chakula cha mchana, na kijana mmoja wa posta akaichukua barua yetu akaanza kuisoma kwa sauti. Niliinamia kikombe changu, moyo ukinidunda kwa fahari. Alifika katikati, akaiweka chini, akachukua gazeti akaanza kusoma habari za mahindi. Hakuna aliyemwambia amalize.

Mzee Barasa alikuwa ameona. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, aliyestaafu reli, na kwa muda mrefu alikuwa akimtafutia mwanawe duka kupitia ofisi yetu. Akaja akaketi mbele yangu.

"Binti yangu," akasema, "hii barua unamwandikia nani?"

"Wateja, Mzee."

"Mteja yupi? Nitajie mmoja."

Nikamtajia posta na hoteli, si mtu. Akaniambia yeye ni mteja, na barua imemweleza kwamba mabati yanang'aa, lakini haikumweleza maji ya kunywa yanatoka wapi, jirani ni nani, wala kama lori la mkate hufika mvua ikinyesha. Kisha akauliza, bila ukali, "Wewe umefika huko?"

Nikasema sijafika.

"Basi nenda, halafu uniandikie."

Nilirudi ofisini nimeudhika, nisikufiche. Lakini hasira ilipopoa nilibaki na lile swali la mteja yupi. Nikamwomba Bwana Nathu aniruhusu niende kuona majengo kabla ya kuyaandika. Alikuna kichwa, akasema msichana hawezi kuzurura peke yake na ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali haijaondolewa. Mwishowe akaniandikia barua ya ruhusa niionyeshe nikisimamishwa na askari, nami nikapanda basi.

Nilikwenda Njoro, nikaenda Gilgil. Niliandika kwamba duka fulani lina kivuli mchana kutwa, zuri kwa muuza nyama, lakini mlango wake ni mwembamba. Niliandika habari za fundi viatu wa Gilgil aliyeziba paa lake mwenyewe, na nikaeleza alivyofanya. Nilimwomba ruhusa kwanza kabla ya kutia jina lake. Wakati ule, mwanangu, watu waliogopa kuona majina yao kwenye karatasi, na walikuwa na sababu. Mama mmoja aliniambia niandike habari zake lakini jina nimwachie. Nikamwachia. Polepole watu wakaanza kuisoma barua mpaka mwisho, na wengine wakaja ofisini kuuliza ya mwezi ule imechelewa kwa nini.

Kisha zikaja mvua ndefu, na kazi ya Lanet.

Tajiri mmoja wa Nairobi alikuwa na ploti kwenye senta ndogo upande ule, chini ya miteremko ya Dundori. Zilikuwa safu mbili, ya juu na ya chini, na kwenye safu ya chini alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha. Alikuwa mteja mkubwa wa Bwana Nathu, na alitaka ploti zote zitangazwe kwa barua moja. Nilishuka kwenye basi matope yakinifika vifundoni. Safu ya juu ilikuwa kavu. Kwenye safu ya chini nilimkuta Mama Rhoda, mshonaji aliyepanga chumba kimoja na watoto wake. Cherehani yake ilikuwa imepandishwa juu ya makreti. Nilipouliza kwa nini, alinishika mkono akanionyesha ukutani mstari wa tope uliofika kiunoni mwake.

"Maji hutoka Dundori," akasema. "Hayapigi hodi."

Akanieleza kwamba kila mvua ikiwa kubwa hulala ameketi juu ya meza, mtoto mdogo mapajani. Amewahi kumwambia msimamizi wa tajiri, akaambiwa ahame kama hapapendi. Ahamie wapi? Nilimuuliza kama naweza kuandika hayo. Akasema andika habari za ukuta, mimi usinitaje.

Niliandika hivi: safu ya juu ni kavu na inafaa, ila kisima kiko mbali. Safu ya chini hupitiwa na maji ya mvua, na yameacha alama kwenye kuta. Nikampelekea Bwana Nathu asome kabla hatujazungusha mashine, kama ilivyokuwa kawaida yetu. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akaniambia niondoe sehemu ya maji, maana tajiri akiiona atachukua kazi yake yote.

Mwisho wa kila barua tuliandika "Mwandishi wenu, Prisila." Nikamwambia nitaipiga upya kama anavyotaka, kwa sababu ofisi ni yake, lakini jina langu nalo liondolewe pamoja na maji. Msichana wa siku zile aliyefukuzwa kazi ya ofisini hakupata nyingine kwa urahisi, na nyumbani walinitegemea.

Bwana Nathu alisukuma kiti nyuma. Alichukua kofia yake akatoka, nikasikia gari likiondoka. Nilikaa pale na stensili yangu nisijue kama nipange vitu vyangu au ningoje. Alirudi jioni viatu mkononi, suruali imekunjwa, tope limemkaukia mpaka magotini. Aliketi, akajifuta miguu kwa gazeti.

"Chapa kama ilivyo," akasema. "Na jina lako liache."

Ukingoja nikuambie kwamba kila kitu kilikwenda vizuri, utangoja sana. Tajiri alikasirika akatuondolea majengo yake yote, akayapeleka kwa wakala mwingine. Kazi ilipungua. Bwana Nathu alilazimika kumwachisha kazi karani wetu wa pili, mtu mwema mwenye watoto wadogo, na siku ile alipoaga hakuna aliyenitazama usoni. Ukweli ule nilioutaka ulimwangukia mwingine. Bado huwa namfikiria.

Mzee Barasa ndiye aliyenishangaza. Alisoma barua, akaenda kwa yule wakala mwingine akachukua ploti ya safu ya juu, kwa sababu tulisema ni kavu. Mwanawe akajenga duka, na chumba cha nyuma akampangisha Mama Rhoda, aliyekuja mwenyewe kukiomba. Nilimwona siku ile akihama, cherehani kichwani, watoto nyuma na sufuria.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nyingi. Maji yalishuka Dundori kwa nguvu, na ukuta wa kile chumba cha chini ukaanguka ndani, upande ule ule alipokuwa akilala Mama Rhoda. Aliyekuwa amehamia humo alikuwa fundi baiskeli. Bahati nzuri alikuwa mjini, lakini vifaa vyake na baiskeli za watu zilifukiwa. Alikuja ofisini kwetu, mtu mzima, nguo zimeganda tope. Hakuja kugombana. Alikuwa ameonyeshwa barua yetu ya zamani pale hotelini, akaishika mbele yangu.

"Dada," akasema, "mlijua. Mbona mimi sikuambiwa?"

Bwana Nathu alimweleza kwamba hakuwa mteja wetu. Lilikuwa jibu la kweli, na yule fundi akaitikia kwa kichwa, lakini hakuna kati yetu aliyeona kwamba linatosha. Tangu mwezi ule, Bwana Nathu aliagiza barua zibandikwe kwenye ubao wa kila senta tuliyoweza kufika, asome anayetaka, awe mteja au asiwe.

Kwa hivyo, mwanangu, nikikushauri juu ya barua zako, sitakuambia utafute maneno matamu. Unayo mengi mno. Kabla ya kuandika, vaa viatu uende ukaione hiyo nyumba, na uende siku ya mvua. Zungumza na anayeishi pale, na umwombe ruhusa kabla hujamtaja. Andika ukimfikiria mtu mmoja unayemjua, labda yule mwalimu wa Dundori aliyekuuliza kuhusu nyumba za Lanet, umweleze kama angekuwa jikoni kwako. Kizuri kiseme bila kukipamba. Kibaya kiseme mapema, kabla hajaweka sahihi, hata kama mwenye nyumba atanuna. Na ujue kwamba kusema huko kutakugharimu, na pengine kutamgharimu mwingine asiye na kosa, kwa hivyo usiseme kwa majivuno. Watu hawasomi barua kwa sababu inapendeza. Wanaisoma wakijua kwamba aliyeiandika angewaambia hata jambo ambalo lingemkosesha biashara.

Mungu akupe miguu isiyochoka kufika na mkono usioogopa kuandika. Watu utakaowakabidhi funguo walale usingizi mvua ikinyesha, wazae na kulea humo, na siku ukipita mlangoni kwao wakukaribishe ndani kwa furaha.