Maji Yaliyowapita Aroni na Isihaka

Aroni alikuwa ameketi kwenye tuta la mfereji, jembe mapajani, akimkodolea macho Isihaka aliyeketi ng'ambo na jembe lake. Kila mmoja alidai zamu ya kwanza ya maji ni yake. Aroni akifungulia, Isihaka anaziba kwa tope. Isihaka akifungulia, Aroni anaziba. Maji yaliwapita wote wawili yakarudi mtoni bure, huku miche ya mpunga ikizeeka vitaluni.

"Shehe, kitalu chako kimekuwa cha njano," Aroni alisema. "Nenda nyumbani ukapumzike."

"Changu kina njano, chako kina nini? Harusi? Nitakaa hapa mpaka uote ukoka, Bwana Aroni."

Kila mtu aliipima hasara ya mwenzake, akasahau yake. Na kadiri walivyokaa ndivyo kuondoka kulivyozidi kuwa kugumu: nani anyanyuke baada ya kupoteza yote hayo, Chimala nzima imcheke?

Zamani upumbavu huu usingefika mbali. Kabla ya kupandikiza kulikuwa na msaragambo, kijiji kizima kikizibua mfereji, na waliogombana walipewa kipande kimoja, huyu aanzie juu, yule chini. Majembe yakikutana katikati, ugomvi umekwisha. Hakuna aliyeambiwa kashindwa, maana wote walikuwa wameinama. Siku hizi chama cha umwagiliaji kinaleta katapila. Linafukua mfereji wote asubuhi moja, watu mikono mifukoni, viongozi wanapigwa picha. Tope limeondoka, chuki imebaki, na hakuna katapila la kuichota. Eti maendeleo!

Yusta, mkewe Aroni, alimfuata palepale tutani.

"Baba Clement, mwachie zamu hii. Miche inakufa."

"Nimwachie leo? Baada ya yote haya? Huyu anakaribia kuchoka!"

Na kweli Isihaka alichoka. Asubuhi moja alifungulia mbuzi wake wakala kitalu chake mwenyewe chote, akapita na jembe begani bila salamu. Aroni akacheka kwa sauti, akafungulia maji, akamwita mkewe wakang'oe miche.

Yusta aling'oa konzi moja, akaigeuza. Mashina yalikuwa yameshaota vifundo. Miche ya hivyo hata ukiipandikiza haichipui mashina mengine. Itatoa kisuke kimoja cha kuwalisha kwelea kwelea.

"Umeshinda, Baba Clement," alisema, akaitupa miguuni pake. "Haya, pika."