Panya Aliyeondoka na Firigisi Yangu

Leo nimenyang'anywa firigisi na panya wa karatasi.

Binti yangu Mmbone amenifunza mchezo wa kadi za majoka na wachawi. Dau lilikuwa firigisi ya kuku wa leo, ambayo kwetu Waluhya ni ya baba.

Joka langu likashambulia kwa pigo la alama saba. Mmbone akakinga kwa kadi ya panya mwenye uhai wa alama moja.

"Panya amekufa! Sita zilizobaki zinakupiga wewe. Umekwisha!"

"Hapana, Baba. Pigo lote linaishia kwa aliyekinga."

Nikafoka. Mnanijua.

Akanisukumia kijitabu cha kanuni. "Si wewe huwaambia watu wasome kwanza ndio wabishe?"

Nikasoma. Alisema kweli. Zamu yake ikanimaliza.

Firigisi ameitafuna polepole, akinitazama.

Walinzi wa mila, njooni tubishane. Mimi niko upande wa panya.